Viatu kwa Miguu Iliyokula Chumvi

Kiatu cha mtu mzima kikifika mezani kwangu, kabla sijaangalia kilichokatika, naingiza mkono ndani. Miaka 34 ya kushona viatu na kubadilisha soli imenifundisha kwamba shida za mguu huandikwa ndani ya kiatu. Bitana iliyotoboka mbele kabisa, pale kidole gumba kinapogota, inasema kiatu ni kifupi. Ngozi iliyotuna ubavuni inasema kiatu ni chembamba, na mguu umejitafutia nafasi wenyewe. Na nikikuta kwenye soli ya ndani vishimo vitano vilivyozama, kama mtu aliyebonyeza udongo kwa ncha za vidole, najua mwenye kiatu anatembea amekunja vidole, anakikamata kiatu kisimponyoke.

Hivyo vishimo vitano ndivyo vinavyonisumbua kuliko yote. Kazi ya kiatu ni kuushika mguu. Lakini wazee wengi ninaowahudumia wao ndio wanaokishika kiatu, hatua baada ya hatua, kutwa nzima, na jioni miguu ikiwauma wanasema ni uzee. Mara nyingi kinachouma ni kiatu, na kiatu hubadilishwa.

Mama mmoja wa miaka 74 aliniletea viatu vyake vya ngozi mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Mara zote mshono ulikuwa umeachia palepale, ubavuni mwa kidole gumba cha kulia. Mara mbili nilishona, nikampa, akaenda. Mara ya tatu roho ilinisuta kuchukua kazi ileile tena. Nikamwekea kiti, nikamwomba avue viatu, kisha asimame juu ya karatasi.

"Mama, unavaa namba ngapi?"

"38, mwanangu. Tangu nilipoolewa."

Mguu wake wa kushoto ulipima sentimita 24.3, wa kulia 24.8. Kiatu cha namba 38 kwa vipimo vya Ulaya hutengenezwa kwenye kalibu, lile umbo la mguu ambalo kiatu hushonwa juu yake, yenye urefu wa sentimita 25.3 hivi. Kwa hiyo mguu wa kulia ulikuwa umebakiwa na nusu sentimita tu, wakati mguu unahitaji sentimita moja na ziada kidogo mbele ya kidole kirefu, kwa sababu kila ukikanyaga mguu hurefuka na kusogea mbele. Mshono wangu haukuwa na kosa lolote. Mguu ulikuwa unasukuma kutafuta njia, nami nilikuwa naufungia mlango kwa uzi.

Namba ya ujana si namba yako

Watu hukumbuka namba ya viatu vyao kama wanavyokumbuka tarehe ya kuzaliwa, wakidhani haibadiliki. Mguu mmoja una mifupa 26, na mifupa hiyo imefungwa pamoja kwa kano. Kadiri miaka inavyokwenda kano hulegea, upinde wa unyayo hushuka, na mguu unapojilaza hivyo huwa mrefu na mpana zaidi. Mtu aliyevaa namba fulani akiwa na miaka 30 anaweza kuhitaji namba moja zaidi akiwa na 65, bila kuongezeka uzito hata kidogo.

Wakati huohuo, kile kitakia cha mafuta kilicho chini ya kisigino na chini ya maungio ya vidole hupungua. Ndiyo maana mzee akikanyaga sakafu ngumu anahisi kama anakanyagia mfupa. Ngozi nayo hukauka na kupasuka magaga, kucha hunenepa, vidole vingine hujikunja na kugandia hapohapo, na kwa wengi miguu huvimba ifikapo jioni. Haya yote yanakutana na kiatu kilichochaguliwa kwa kumbukumbu ya mguu ambao haupo tena.

Kwa hiyo kazi huanza kwenye karatasi, nyumbani, kabla ya kwenda dukani.

Pima jioni, ukiwa umesimama

Asubuhi mguu ni mdogo. Ukipima asubuhi utanunua kiatu cha asubuhi, na saa kumi alasiri kitakuwa kimekugeukia. Subiri jioni. Vaa soksi unazovaa siku zote pamoja na viatu hivyo, maana soksi nene peke yake inaweza kukula nafasi yote uliyoitafuta.

Tandika karatasi sakafuni, makali yake yaguse ukuta. Simama juu yake, kisigino kiguse ukuta, miguu yote miwili chini na uzito umegawanyika sawa. Usijipime mwenyewe. Ukiinama, uzito unahama, mguu unabadilika umbo, na ukiwa mtu wa umri mkubwa unaweza pia kuanguka. Mwite mwanao, mjukuu, jirani, mtu yeyote mwenye macho mazuri na subira. Ashike penseli ikiwa imesimama wima kama mlingoti, azungushe mguu mzima. Penseli ikilalia ndani, mchoro unakuwa mwembamba kuliko mguu. Ikilalia nje, unakuwa mnene. Nimeona michoro ikitofautiana karibu sentimita moja kwa ajili ya penseli tu.

Sasa pima kutoka ukutani hadi ncha ya kidole kirefu kuliko vyote. Usidhani lazima kiwe kidole gumba. Watu wengi kidole chao cha pili ndicho kirefu, na hao ndio wanaolalamika kwamba kucha ya kidole cha pili inageuka nyeusi. Pima pia upana, pale mguu ulipo mpana kabisa, kwenye maungio ya vidole. Kisha zungusha utepe wa fundi cherehani mahali hapohapo ili upate unene wa mguu, kwa sababu miguu miwili inaweza kuwa na mchoro uleule lakini mmoja ni bapa na mwingine umejaa juu. Fanya hivyo kwa miguu yote miwili. Karibu kila mtu ana mguu mmoja mkubwa kuliko mwenzake, na kiatu hununuliwa kwa ule mkubwa. Ule mdogo huongezewa soli nyembamba ya ndani, kazi ya dakika tano.

Chukua urefu wa mguu mkubwa, ongeza sentimita 1.2. Ukitaka kujua namba ya Ulaya, zidisha jibu kwa tatu, gawanya kwa mbili. Yule mama alikuwa na 24.8. Ukiongeza 1.2 unapata 26. Mara tatu ni 78, nusu yake 39. Kila namba ya Ulaya ni sehemu mbili kwa tatu za sentimita, kwa hiyo kutoka 38 hadi 39 ni karibu milimita saba. Namba za Uingereza huruka kwa hatua kubwa zaidi, theluthi ya inchi, yaani milimita nane na nusu hivi. Hesabu hii inakupa mahali pa kuanzia tu. Viwanda vinatofautiana, na 39 ya huyu inaweza kuwa 38 ya yule, kwa hiyo ukiwa dukani usimwambie muuzaji namba kisha ukanyamaza. Mwoneshe karatasi.

Na hiyo karatasi ina matumizi bora zaidi ya hesabu. Kata mchoro wako kwa mkasi, uwe wayo wa karatasi, uutie kwenye pochi. Ukikutana na kiatu kinachokupendeza, uingize ndani taratibu. Kingo za karatasi zikijikunja kupanda juu, kiatu hicho ni chembamba, hata kiwe na namba gani. Kama soli ya ndani inatoka, ni rahisi zaidi: itoe, simama juu yake, utazame kama nyama ya mguu inamwagika nje ya kingo. Ikimwagika, kirudishe kiatu rafuni.

Wazee wengi hukosea hapa: mguu ukiwa mpana, wanachukua namba kubwa zaidi ya urefu ili wapate upana. Matokeo yake kiatu kinapwaya kisigino, kinajikunja mahali pasipofaa, ncha yake inakwaa kwenye ngazi. Dawa ya mguu mpana ni kiatu kipana. Viwanda kadhaa hutengeneza urefu mmoja kwa mapana tofauti na kuyaandika kwa herufi. Kwa vipimo vya Marekani, upana wa kawaida wa mwanamume ni D na wa mwanamke ni B, kisha kadiri E zinavyoongezeka, 2E, 4E, kiatu kinazidi kupanuka. Mwanamke mwenye mguu mpana anaweza kupata raha kwenye kiatu cha kiume, na hakuna aibu yoyote katika hilo.

Maduka mengine yana chombo cha chuma chenye kisahani cha kisigino na vipimo vinavyoteleza. Kilibuniwa na Charles Brannock, Mmarekani, katika miaka ya 1920, na bado kinatumika. Ukikikuta, kitumie, kwa sababu kinapima kitu ambacho karatasi haioneshi vizuri: umbali kutoka kisigino hadi maungio ya kidole gumba. Watu wawili wenye urefu mmoja wa mguu, mmoja mwenye vidole vifupi na mwingine vidole virefu, hawajikunji mahali pamoja, na kiatu ni lazima kijikunje pale mguu unapojikunja.

Mikono yako kwanza, miguu baadaye

Kabla ya kukivaa, kikague kiatu kwa mikono. Mimi hufanya hivi hata kwa viatu vya ndugu zangu, nao wamezoea.

Anza nyuma. Ule ukuta unaozunguka kisigino, ubane kwa kidole gumba na cha shahada, uusukume kuelekea ndani. Ukibonyea kama boksi lililolowa, acha. Ukuta huo ndio unaokizuia kisigino kuyumba kushoto na kulia, na mtu ambaye kifundo chake cha mguu kimelegea anauhitaji kuliko kijana. Sehemu ya juu inayogusa ngozi iwe laini, lakini ndani yake pawe na kitu kigumu.

Kisha kikamate mbele na nyuma, ukikunje. Kijikunje kwenye maungio ya vidole, theluthi ya mbele. Kikijikunja katikati, chini ya upinde wa unyayo, hakina uti wa mgongo. Halafu kizungushe kama unayekamua nguo. Kinaweza kukubali kidogo, lakini kikizunguka hadi soli ikatazama pembeni, hakitamsaidia mtu ambaye upinde wake umeshuka.

Soli nitaizungumza kwa kirefu kidogo, kwa kuwa ndipo watu wanapodanganywa na raha ya dakika moja. Unaingia dukani, unavaa kiatu chenye soli nene laini kama godoro, unasema, "Hiki ndicho." Ukiwa umesimama pale, kweli ni raha. Lakini nyayo zetu ndizo zinazouambia mwili ardhi iko wapi na imeinama upande gani. Ukiweka godoro katikati, habari hizo zinachelewa, na mguu unayumba juu ya ule ulaini kama mtu anayetembea juu ya kitanda. Kijana hujirekebisha upesi. Mtu mwenye miaka 70 anaweza asiwahi. Soli nyembamba iliyo ngumu kiasi humsaidia mzee kusimama imara kuliko soli nene laini. Sasa, vipi kuhusu kile kitakia cha mafuta kilichopungua? Suluhisho ni kuweka ulaini ndani na uimara nje: soli ya nje iliyo thabiti, na juu yake soli ya ndani yenye unene wa milimita chache, inayobonyea kidogo ukiibana kwa kidole gumba kisha inarudi.

Kisigino kisizidi sentimita 2.5, na kiwe kipana, kinachokalia ardhi chote. Mchuchumio husukuma uzito wote mbele, palepale mafuta yalipokwisha. Chini ya soli pawe na mifereji inayopitisha maji. Tazama pia ukingo wa nyuma wa kisigino: kikiwa kimekatwa mshazari kidogo, ni vizuri zaidi, kwa sababu mtu huteleza hasa pale kisigino kinapogusa sakafu yenye maji, na ule mshazari huongeza eneo linalogusa. Ila kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Mzee anayeburuta miguu, asiyeinyanyua vizuri, hafai kuvaa soli ya mpira unaong'ang'ania sana. Inanasa sakafuni, mwili unaendelea mbele, miguu inabaki. Kwa huyo tafuta soli yenye mshiko wa wastani na ncha iliyopinda juu kidogo.

Ngozi laini au kitambaa kinachovutika ndivyo vinavyofaa juu ya vidole. Kama una nundu ubavuni mwa kidole gumba, au vidole vilivyojikunja, pitisha kidole chako ndani ya kiatu mahali hapo. Mshono ukiwa unapita juu ya nundu, hata kiatu kiwe kizuri vipi, utakuchubua. Sehemu ya vidole iwe na kimo pia, si upana tu. Kidole kilichojikunja hugusa dari, na ndipo sugu huota.

Kamba, mkanda, na mikono inayouma

Kiatu bila kifungo hukaa mguuni kwa njia mbili tu: ama kinabana, ama vidole vinakikamata. Narudia tena habari ya vile vishimo vitano. Nikivikuta, mara nyingi ni kiatu cha kutumbukiza mguu, ama ndara. Kandambili ndizo zinazonitia hofu zaidi kwa wazee, kwa kuwa kisigino kiko huru kabisa na kila hatua ni ya kukamata na kuachia. Zina faida bafuni na mlangoni. Hazifai kwa safari, ngazi, wala sakafu iliyolowa.

Kamba ndizo bora, maana unaweza kulegeza mahali pamoja na kukaza pengine. Mguu ukivimba, legeza matundu ya mbele, kaza ya juu. Kisigino kikicheza, fanya hivi: ukifika tundu la mwisho, usivukishe kamba upande wa pili. Irudishe ndani ya tundu la juu upande uleule ili itengeneze kitanzi kidogo. Fanya hivyo pande zote mbili, kisha kila kamba ipite kwenye kitanzi cha upande wa pili, vuta kwenda chini, funga. Kisigino kinatulia, na vidole havikazwi hata kidogo. Nimewafundisha watu hivi wakiwa wamekaa kwenye kiti changu, nao wakasimama wakishangaa kwamba kiatu walichotaka kukitupa kimekuwa kipya.

Ila kuna mikono isiyoweza kufunga kamba. Baridi yabisi ikiingia kwenye vidole vya mkono, fundo dogo ni mateso ya kila asubuhi. Hapo chukua mikanda ya kunata, ile inayolia krrr ukiivuta, au kamba za mpira zinazofungwa mara moja na kuachwa. Hakikisha mkanda ni mrefu wa kutosha kuupitia mguu uliovimba. Kiatu kinachofunguka hadi karibu na ncha humfaa mtu asiyeweza kuusukuma mguu ndani. Na nunua kile kijiko kirefu cha kuvalia viatu. Kinakuokoa usiiname, na kinaulinda ule ukuta wa nyuma. Ukikanyaga kisigino cha kiatu mara kumi, ukuta unavunjika, na kazi yote uliyofanya dukani imepotea.

Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alikataa katakata mikanda. "Vile ni viatu vya watoto," aliniambia. Sikubishana naye. Nilichukua viatu vyake vyeusi vya kamba, nikazitoa kamba, nikaweka za mpira za rangi ileile. Kwa mbali huwezi kutofautisha. Heshima ya mtu nayo ina haki yake. Kiatu ambacho mzee anakionea haya kitakaa chini ya kitanda, naye atatoka na kile kibovu.

Dukani usiwe na haraka

Vaa viatu vyote viwili, vifunge, simama. Ukiwa umesimama, mtu mwingine abonyeze mbele ya kidole kirefu: upana wa kidole gumba cha mkono uwepo kati ya kidole na ncha ya kiatu. Tembea kwenye sakafu ngumu, kwa sababu kwenye zulia kila kiatu ni kizuri. Panda na ushuke ngazi, hata moja tu. Ukishuka, vidole visigonge mbele. Ukipanda, kisigino kisichomoke. Kaa navyo dakika kumi, ukizungumza na uliyekuja naye. Kisha vua viatu na soksi, utazame ngozi. Alama nyekundu inayofutika upesi haina neno. Ile inayobaki, hasa kwenye nundu, kidole kidogo au nyuma ya kisigino, ndiyo itakayokuwa lengelenge kesho na kidonda keshokutwa.

Ukiambiwa, "Kitalegea ukikivaa," usinunue. Nasema haya kama mtu anayelegeza viatu kwa kazi. Ngozi inaweza kupanuka kidogo kwa upana, na nina chombo cha mbao chenye kinundu cha kusukuma mahali pamoja, penye nundu ya mguu, kwa milimita chache. Urefu hauongezeki. Na kiatu cha plastiki, kile kinachong'aa kama ngozi, hakiongezeki upande wowote. Kinangoja tu kupasuka.

Wanangu, na ninawaita hivyo ninyi mnaowanunulia wazazi, msilete kiatu cha zawadi mlichokisia. Nimepokea viatu vingi vipya vizuri, vilivyonunuliwa kwa upendo na namba ya miaka 20 iliyopita, mama au baba akiniomba nivipanue kwa siri ili mtoto asijisikie vibaya. Nendeni naye. Kama yuko mbali, mwombeni jirani yake achore ile karatasi.

Kama mguu una ganzi

Mwenye kisukari asinitegemee mimi wala muuzaji peke yake. Kisukari kinaweza kuua hisia za mguu, na mguu usiohisi huchagua vibaya. Utaona kiatu kinachobana ndicho kinachofaa, kwa sababu ndicho pekee unachokihisi. Kwa huyu karatasi ndiyo yenye kuaminika. Kabla ya kuvaa, kila siku bila kukosa, aingize mkono ndani ya kiatu, apapase bitana na soli. Mimi mwenyewe nimewahi kutoa msumari mdogo uliotokeza ndani ya kiatu cha bwana mmoja aliyekuja kwa ajili ya jambo jingine kabisa. Alikuwa amekivaa siku mbili. Nilipomwambia avue soksi, sote wawili tuliona damu iliyokauka, yeye hakuwa amehisi chochote. Siku hiyohiyo alikwenda kliniki, nami tangu hapo siwezi kurudisha kiatu kwa mtu kabla sijapitisha vidole ndani mara mbili.

Kiatu kipya kivaliwe saa moja au mbili siku ya kwanza, kisha miguu ikaguliwe, chini na katikati ya vidole. Kama hawezi kuona unyayo wake, atumie kioo au amwombe mtu. Sugu zisikatwe kwa wembe nyumbani. Kidonda kisichopona, mguu mmoja uliovimba ghafla na kuuma, rangi ya ngozi iliyobadilika: hayo ni ya daktari, na ni ya leo.

Ndani ya nyumba

Watu hununua kiatu kizuri cha kutokea, kisha wanashinda nyumbani miguu mitupu au na soksi. Wazee wengi huangukia nyumbani, na soksi kwenye sakafu laini ni kama kutembea juu ya sabuni. Pata kiatu cha ndani chenye soli inayoshika, ukuta wa nyuma, na mkanda. Kiwe chepesi, kikae kando ya kitanda, kwa sababu safari ya chooni saa nane usiku ndiyo yenye hatari.

Kuhusu kutunza sina mengi. Kuwa na pea mbili ukiweza, upokezanishe, kila moja ipate siku nzima ya kukauka. Mara moja kwa mwezi viweke mezani, uvitazame kwa nyuma, macho yawe sawa na kisigino. Kiatu kikiinama upande mmoja, kisigino kimelika, na kitakuinamisha na wewe. Nileteeni mapema, kubadilisha kisigino ni kazi ndogo. Lakini ukuta wa nyuma ukishavunjika, au soli ikijikunja katikati, nitakwambia ukweli kwamba fedha yako itafaa zaidi kwenye kiatu kingine.

Rudia kuchora kila mwaka. Ile karatasi ya yule mama ninayo bado kwenye droo, chini ya maharazi na mipira ya uzi. Tumechora juu yake mara nne sasa, kila mwaka kwa rangi yake. Mguu wa kushoto mistari imelaliana, huwezi kuitenganisha. Wa kulia, karibu na kidole gumba, mstari wa kijani umetoka nje ya ule mwekundu kwa unene wa punje ya mchele, na mwezi ujao tutatafuta kiatu kipana zaidi.